Usiiristati kabla hujaipiga picha

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasimamia mfumo wa SACCOS yetu hapa Morogoro. Ni programu ya Java kwenye seva moja ya Linux, tumeipa gigabaiti 6 za kumbukumbu. Kila baada ya siku tatu au nne inakuwa nzito, wanachama wanapiga simu kwamba marejesho waliyolipa hayaonekani, tunairistati, inapona. Huu ni mwezi wa tatu. Waliotuuzia mfumo wanasema kwao hauna shida. Nimesikia mtu anaweza kupiga picha ya kumbukumbu ya programu huku inaendelea na kazi. Ni kweli? Inapigwaje, na nikishaipata naisomaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Ila nianze na hayo maneno yako, "tunairistati, inapona". Haiponi. Mnachofanya ni kufagia ua kabla mfuata nyayo hajafika. Kila ambacho kingekueleza kwa nini programu imelemewa kilikuwa ndani ya kumbukumbu dakika ile mliyoizima, na kumbukumbu ya programu iliyozimwa hairudi. Na hao waliowauzia mfumo wana haki kiasi fulani kusema hawaoni shida, kwa sababu kwao hakuna wanachama elfu kadhaa wanaolipa marejesho. Bila ushahidi mtazungushana hadi mwaka uishe.

Programu inapofanya kazi, kila ilichobeba kiko kwenye kumbukumbu: majina iliyoyasoma kutoka kwenye hifadhidata, hesabu ambazo hazijaisha, foleni ya maombi, na mahali ambapo kila kazi imefikia. Picha ya kumbukumbu ni nakala ya hayo yote kwenye faili, kama yalivyokuwa dakika hiyo. Mafundi tunaiita dampu. Mtu wa Dar akisikia hivyo anawaza dampo la Pugu Kinyamwezi, na hajakosea sana, maana humo kila kilichopita kipo, na vingine usingependa jirani avione. Nitarudi kwenye hilo. Kwenye Linux faili la namna hii huitwa core, jina lililobaki tangu miaka ya 1950 na 1960, wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa pete ndogo za sumaku zilizotungwa kwenye nyaya kama shanga. Pete ziliisha zamani, jina likagoma kuondoka.

Kwa Java kuna picha mbili, nyepesi na nzito (nzito ndiyo hiyo ya kumbukumbu yenyewe), na karibu kila anayeniandikia amekimbilia nzito kwanza. Anza na nyepesi, yaani picha ya nyuzi. Programu yako haina mkono mmoja. Ina nyuzi nyingi, kila uzi umeshika ombi la mtu mmoja, na picha hii inakuonyesha kila uzi umesimama kwenye mstari gani wa programu. Ni maandishi tu, faili dogo, na kuipiga ni kufumba na kufumbua. Andika `jcmd` peke yake upate namba ya mchakato, tuseme 2841, kisha:

`jcmd 2841 Thread.print > nyuzi1.txt`

Ngoja sekunde 10, piga ya pili kwa jina jingine, ngoja tena, piga ya tatu. Moja haitoshi. Ukimpiga picha mtu yuko katikati ya barabara hujui kama anavuka au amekwama. Akiwa pale pale kwenye picha tatu, umejua. Amri hii uiendeshe kwa mtumiaji yule yule anayeendesha programu, la sivyo itakataa na utadhani seva ndiyo mbovu. Kama programu iko chini ya mtumiaji tomcat, tanguliza `sudo -u tomcat`.

Sasa fungua mafaili matatu upande kwa upande na utafute nyuzi ambazo hazijasogea. Ukikuta nyuzi arobaini zina hali ya BLOCKED na zote zinangoja kufuli lenye namba moja, mtafute aliyelishika. Yumo humo humo, kwenye uzi wenye neno locked na namba ile ile. Mara nyingi utakuta huyo naye anangoja kitu kingine, labda jibu la mtandao wa simu ambalo halina muda wa mwisho. Ukikuta nyuzi nyingi zimelala ndani ya `getConnection`, miunganisho ya hifadhidata imekwisha: kuna mahali mtu anaufungua muunganisho, hitilafu inatokea, anatoka bila kuufunga. Hapo kumbukumbu haina kosa, na umeokoa siku nzima ya kusoma faili la gigabaiti tano bure.

Kama prosesa nayo imepanda, `top -H -p 2841` inakutajia uzi unaoila. Ukiona uzi namba 4660 uko juu, andika `printf '%x\n' 4660`, utapata 1234, halafu tafuta `nid=0x1234` kwenye nyuzi1.txt. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye Java 8 na 11. Jina la uzi huo likianza na GC, basi anayekula prosesa ni mzoa taka wa Java, yaani ile sehemu yake inayoondoa kwenye kumbukumbu vitu visivyotumika tena, na mzoa taka hapati kazi ya namna hiyo mpaka nyumba ijae. Hapo ndipo tunapoingia kwenye kumbukumbu yenyewe.

Lakini bado usipige picha nzito. Weka `jstat -gcutil 2841 5000` na uitazame kwa dakika kumi, inaandika mstari mpya kila sekunde tano. Safu ya O ni asilimia iliyojaa ya sehemu ambamo Java huweka vitu vya kukaa muda mrefu, na FGC ni idadi ya usafi mkubwa uliokwishafanyika. Programu yenye afya, O inapanda, usafi mkubwa unapita, O inaporomoka hadi 30 au 40. Programu inayovuja, yaani inayong'ang'ania vitu isivyovihitaji tena, FGC inaongezeka moja, O inashuka kutoka 98 hadi 96, na baada ya dakika mbili iko 98 tena. Mzoa taka anafagia na kufagia, lakini kila anachokigusa anaambiwa "acha, hicho bado kinatumika".

Ukiona hivyo, sasa piga picha nzito. Swali lako lilikuwa kama utaipiga bila kuangusha huduma, na jibu la kweli ni kwamba hutaizima lakini utaisimamisha. Wakati Java inaandika picha, nyuzi zote zinasimama. Kwa gigabaiti 6 inaweza kuwa sekunde kumi au dakika nzima na zaidi, inategemea diski yako. Mwanachama anayelipa wakati huo ataona simu inazunguka tu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Picha ya nyuzi lazima uipige wakati wa tatizo lenyewe, saa nane mchana simu zinalia, kwa sababu nyuzi zikishajinasua hakuna cha kuona. Lakini kumbukumbu inayovuja haiendi kulala. Kilichong'ang'aniwa mchana bado kimeng'ang'aniwa usiku wa manane, mradi hamjairistati. Kwa hiyo picha nzito ipige saa saba usiku, wanachama wamelala, hata ikisimama dakika mbili hakuna atakayekupigia. Amri ni hii:

`jcmd 2841 GC.heap_dump /data/picha/jumatano.hprof`

Kabla ya kuandika picha, Java inafanya kwanza usafi mkubwa, kwa hiyo kitakachobaki kwenye faili ni vile tu vilivyoshikiliwa na mtu. Ndivyo unavyovitaka. Piga moja usiku wa siku ya kwanza baada ya kuwasha na nyingine usiku wa siku ya tatu, maana picha moja itakuonyesha nani ni mnene, na mbili zitakuonyesha nani ananenepa.

Na hilo folda la `/data/picha`, usilichague kwa mazoea. Faili litakuwa na ukubwa unaokaribia ule wa vitu vilivyo hai, hesabu hadi gigabaiti 6, na anayeliandika ni Java yenyewe kwa ruhusa zake, si wewe. Programu ikiwa ndani ya kontena (kisanduku cha kuendeshea programu, kama cha Docker), faili litatua ndani ya kontena, na kontena ikizimwa linakwenda nalo. Angalia nafasi kwa `df -h` kwanza. Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nilipiga picha ya gigabaiti 8 nikaiweka kwenye diski ile ile ya hifadhidata, ambayo ilikuwa imebakiwa na gigabaiti 7. Picha haikukamilika, na hifadhidata ikakosa pa kuandika ikasimama. Programu niliyokuja kuitibu ilikuwa nzito tu. Mimi ndiye niliyeiangusha. Bosi hakusema kitu, aliniangalia tu.

Tuje kwenye kusoma. Chombo ninachokitumia ni Eclipse MAT, ni cha bure. Kifungue kwenye kompyuta nyingine, si kwenye seva, na kabla ya kukifungua hariri faili lake la `MemoryAnalyzer.ini`, pale penye `-Xmx1024m` uongeze, maana kwa gigabaiti moja ya kumbukumbu hakitaimeza picha yako. Laptopu ya gigabaiti 8 itahema lakini mara nyingi inafika.

Ukifungua Histogram utaona orodha ya aina za vitu kwa idadi na uzito, na juu kabisa kutakuwa na `byte[]`, `String` na `HashMap$Node`. Usishtuke, na usimwandikie mtu barua kwamba tatizo ni String. Hivyo viko juu kwenye karibu kila programu ya Java duniani, kwa sababu ndivyo vinavyobeba maandishi yote. Hao ni abiria, na wewe unamtafuta dereva.

Ili umpate, elewa kwamba kila kitu kina uzito wa namna mbili. Kuna uzito wake mwenyewe, na kuna uzito wa vyote ambavyo vingeondoka kama yeye angeondoka. Chukua mkungu wa ndizi. Kikonyo chenyewe hakina uzito wa kutaja, lakini ukikikata, ndizi zote zinakwenda nacho. Kwenye MAT fungua mti wa wenye kumiliki, Dominator Tree, ukiwa umepangwa kwa huo uzito wa pili, na utazame mistari mitatu ya juu tu. Programu yenye afya ina vitu vingi vya wastani. Inayovuja mara nyingi ina kikonyo kimoja kimebeba nusu ya seva.

Nikupe mfano nilioushika kwa mkono. Mfumo wa mauzo wa duka la jumla, dalili kama zako. Juu ya mti alikaa `ConcurrentHashMap` mmoja. Uzito wake mwenyewe ulikuwa baiti 64, uzito alioubeba gigabaiti 2.3. Nikamfungua ndani, nikakuta maingizo zaidi ya laki nne. Kila moja ni risiti iliyokwisha kutengenezwa, imewekwa kando ili ikiombwa tena isitengenezwe upya. Wazo zuri. Nikatazama funguo za maingizo, na hapo nikacheka peke yangu: kila ufunguo ulikuwa namba ya risiti ikifuatiwa na saa kwa milisekunde. Aliyeandika alitaka usijirudie, na kweli haukujirudia. Risiti ile ile ikiombwa mara kumi inahifadhiwa mara kumi, haipatikani hata mara moja, na hakuna anayeiondoa. Marekebisho yalikuwa kufuta neno moja kwenye mstari mmoja na kuweka kikomo cha maingizo elfu kumi. Logi za miezi mitano hazikuwa na hata mstari uliodokeza hilo.

Ukishampata mbebaji, bofya kulia uombe njia yake hadi kwenye mizizi ya mzoa taka. Hiyo itakuambia nani amemshika asitupwe: mara nyingi ni kigezo cha `static`, yaani kinachokaa muda wote programu inapowaka, kwenye aina (class) fulani, na jina la aina hiyo ndilo la kumpelekea aliyewauzia mfumo. Mwambie jina la aina, jina la kigezo, maingizo siku ya kwanza, maingizo siku ya tatu. Hataweza kukuambia kwake hakuna shida.

Kwa siku zijazo iwekee programu mtego wake. Ukiiwasha, ongeza `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` na `-XX:HeapDumpPath=` ikifuatiwa na folda lenye nafasi. Ikiwa imeshawaka na hutaki kuizima, `jinfo -flag +HeapDumpOnOutOfMemoryError 2841` inatosha kuuwasha mtego huo papo hapo. Ila ujue mpaka wake. Mtego unafyatuka pale Java yenyewe inapotamka kwamba kumbukumbu imeisha. Seva nzima ikiishiwa, kerneli, yaani kiini cha Linux, inachagua wa kumuua na inamuua kwa ishara namba 9, ambayo haimpi mtu nafasi ya kuaga, sembuse kuandika picha. Utaona mchakato umetoweka tu. Hapo soma `dmesg`, ambayo ni ujumbe wa kerneli, na kwenye kontena utakuta namba ya kutokea 137, yaani 128 jumlisha 9. Kama ndivyo, kosa linaweza kuwa mmeigawia Java kumbukumbu kubwa kuliko seva inavyoweza kuibeba pamoja na hifadhidata.

Kuna siku `jcmd` yenyewe itangoja isijibiwe, kwa sababu inahitaji Java ishirikiane, na Java imeganda. Jaribu kwanza `kill -3 2841`. Jina linatisha lakini haiui. Inaiagiza Java iandike nyuzi zake pale inapoandika logi. Isipojibu hata hiyo, tumia `gcore 2841`, chombo kinachokuja na gdb, programu ya kutafutia hitilafu. Hiki hakiombi ruhusa ya programu. Kinaisimamisha kwa nguvu kutoka nje, kinanakili kumbukumbu yote kama ilivyo, kinaiachia iendelee. Kwenye Ubuntu utahitaji sudo, maana kwa kawaida kerneli yake hairuhusu mchakato kuchungulia mwenzake hivi hivi. Faili litakuwa kubwa kuliko la kwanza, lakini kuanzia Java 9 unaweza kulibadili liwe picha ya kawaida ya kufungua kwenye MAT:

`jhsdb jmap --binaryheap --dumpfile jumatano.hprof --exe /njia/ya/bin/java --core core.2841`

Java unayoitumia hapo iwe toleo lile lile hasa lililokuwa likiendesha programu. Ukikosea toleo kidogo tu, itakupa upuuzi au itakataa.

Huyo `gcore` ndiye utakayemtumia pia kwa programu za C, na kwa Python kuna `py-spy dump`. Kwenye Windows, ProcDump ya Sysinternals kwa `-ma` inafanya kazi hiyo hiyo. Hutavihitaji wiki hii.

Sasa lile la dampo. Ukishapata faili lako la kwanza, kabla hujafikiria kumtumia mtu yeyote, fanya jaribio hili:

`strings jumatano.hprof | grep 2557 | head -50`

Kwenye Java 8 ongeza `-e b` baada ya strings, kwa sababu kila herufi huko inachukua baiti mbili. Zitashuka namba za simu za wanachama wako, na mara nyingi pembeni yake majina na kiasi walicholipa. Badili 2557 uweke neno la siri la hifadhidata yenu, nalo utalikuta, wazi, bila kufichwa, kwa sababu programu inalihitaji wazi ili iingie. Mnaweza kuwa mmefunga kila mlango wa seva, halafu mkatoa yote hayo kwa mkono wenu kwenye faili moja linalotumwa kwa WhatsApp.

Hata wakubwa limewagusa. Septemba 2023 Microsoft ilieleza jinsi ilivyoamini wadukuzi inaowaita Storm-0558 walivyoupata ufunguo uliowafungulia barua pepe za ofisi za serikali ya Marekani: uliponyoka ndani ya dampu ya programu iliyoanguka Aprili 2021, dampu ikahamishwa kutoka eneo lililofungwa kwenda kwa mafundi wa kutafuta hitilafu. Machi 2024 kampuni iliongeza kwamba dampu yenye ufunguo huo haikuipata, ikabaki ni dhana yake kuu. Kwa vyovyote, watu wa usalama wa kampuni ile waliona njia hiyo inawezekana kabisa. Na kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kazi tangu Mei 2023. Faili lenye majina na madeni ya wanachama wako ni taarifa binafsi, hata kama jina lake linaishia na hprof.

Kwa hiyo funga folda kwa `chmod 700` kabla ya kupiga picha, lisome faili hapo hapo ofisini, na ukimaliza lifute, pamoja na nakala iliyobaki kwenye laptopu.

Zamu ijayo mfumo ukianza kuvuta miguu, mwombe meneja dakika moja kabla ya kuristati. Piga nyuzi tatu. Halafu, kama huduma inavumilika, `jcmd 2841 GC.class_histogram > hesabu1.txt`, ambayo ni ile orodha ya aina za vitu na idadi zake bila vilivyomo ndani. Nayo inafanya usafi mkubwa kwanza, kwa hiyo tarajia mfumo usimame kidogo. Rudia kesho yake kama mtakuwa hamjaizima. Nitumie hayo mafaili matano, lakini pitisha jicho kwanza kwenye yale ya nyuzi, kuna waandishi wa programu wanaompa uzi jina la mteja. Faili la hprof libaki Morogoro.